Chair Alivyoposa Mshambuliaji

Ukienda dukani kwa Chair kununua dawa ya kupe, ulirudi nyumbani na dawa pamoja na swali. Miaka yote niliyomjua, swali lilikuwa lile lile: je, mji kama Meru unaweza kulisha timu ya mpira? Hakumaanisha timu ya Jumapili, ya vijana wanaofika uwanjani mikono ikinuka samadi. Alimaanisha timu ya watu ambao kazi yao ni mpira tangu Jumatatu asubuhi, na hawana nyingine. Aliuliza huku akipima chumvi ya ng'ombe kwenye mizani, na ukichelewa kujibu aliacha kupima.

"Wewe Mwalimu, usifikirie sana. Sema inaweza ama haiwezi."

"Haiwezi, Chair."

"Haya, leta sababu."

Nikianza kuleta sababu, alikuwa ameshaichoka kabla sijafika katikati, yuko kwa mteja mwingine, anamwuliza yeye pia. Mimi nilifundisha shule ya msingi huko Muthara, na wikendi nilikuwa beki wa kushoto wa timu yake, kwa hiyo niliulizwa kuliko wengine: dukani, uwanjani, na mara moja mazishini, jeneza likiwa bado halijashushwa. Jina lake tulilijua lakini hatukulitumia. Alikuwa mwenyekiti wa timu ya mji, basi mji mzima ukamwita Chair, hata mkewe.

Hakuwa mtu wa kutulia. Alikuwa na pikipiki ya zamani ambayo hakuizima alipofika kwa mtu, kwa sababu siku zote aliamini mazungumzo yatakuwa mafupi. Hayakuwa mafupi hata siku moja. Pikipiki ilinguruma langoni mpaka petroli ikaisha, na sisi wachezaji tumeisukuma katika kila kilima kati ya mjini na Mikinduri. Methali alizipenda, ila subira ya kuzimaliza hakuwa nayo. "Haraka haraka," alituambia kabla ya kila mechi, akaishia hapo, nasi tukaelewa kwamba tukimbie.

Mpira wenyewe hakuujua sana. Sheria ya kuotea ilimshinda kabisa. Siku moja alinipongeza mbele ya wenzangu kwa pasi ndefu nzuri, nami nilikuwa nimeteleza tu. Mchezo ukielekea lango letu aligeuza uso akatazama migomba, ukielekea lango lao alikimbia nao kando ya mstari, suruali imekunjwa, anamkanyaga kila aliyeketi. Ilinichukua muda kuelewa kwamba kilichomsumbua Chair hakikuwa mpira. Kilichomsumbua ni watu kwenda nyumbani.

"Mji si nyumba, Mwalimu," alikuwa akisema. "Nyumba hata pepo anaweza kujenga. Mji ni wale watu wanabaki saa kumi na moja ikifika."

Na ugonjwa huo aliujua vizuri, hilo siwezi kumnyima. Sisi wa miteremko ya Mlima tuna duka mjini, tuna ofisi mjini, tunavaa tai mjini, lakini jioni kila mtu anapanda kwake kwa sababu kuna ng'ombe anayelia zizini. Maziwa ya jioni hayana mjadala. Mechi ikianza saa tisa na nusu, uwanja ulijaa mpaka mapumziko. Kipindi cha pili kikianza, walianza kuondoka wanaotoka mbali, wakafuata wanaotoka karibu, kisha hata wasio na ng'ombe wakaondoka kwa aibu ya kuonekana hawana. Nimecheza mechi ambazo dakika za mwisho niliwasikia washambuliaji wa timu pinzani wakipumua.

Sasa, jambo lililotuchekesha na kutuudhi kwa pamoja ni kwamba Chair mwenyewe aliondoka. Alikuwa na ng'ombe mmoja wa gredi, wa maziwa mengi, mweusi kwa mweupe, aliyekataa mikono ya mtu mwingine yeyote. Mkewe, muuguzi, mwanamke mpole kabisa, alimjaribu akapigwa teke na ndoo ikaruka. Kwa hiyo saa kumi na moja ikikaribia, mwenyekiti wa timu, mhubiri wa watu kubaki, alionekana akiinama nyuma ya goli kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha, na mara pikipiki ikalia barabarani. Matokeo aliyapata kesho yake dukani. Ukimtania alikasirika kweli kweli.

"Yangu ni shida ya ng'ombe," alisema. "Ya kwao ni shida ya akili."

Alijaribu dawa nyingi za ugonjwa huo. Akaona mechi ianze mapema, saa saba na nusu, watu waone yote na bado wawahi zizini. Lakini Jumapili saa saba watu wa Meru wako kanisani. Basi akazunguka kwa wachungaji, mmoja baada ya mwingine, kuwaomba wafupishe ibada. Mchungaji wa kanisa la karibu na soko alimsikiliza vizuri, akamwombea, na Jumapili iliyofuata akahubiri mpaka saa nane kuhusu wanafunzi walioshindwa kukesha na Bwana wao hata saa moja. Mtu mwingine angeona ametukanwa. Chair alifurahia mahubiri yale mno, akayabeba mpaka uwanjani, akawa anawasomea watu wanaoondoka: "Hamwezi kukesha na mimi hata dakika tisini?" Kisha akatazama saa yake na kwenda kukama.

Dawa yake nyingine ilikuwa walezi. Hakukuwa na kampuni ya kutubeba, basi kila mwenye biashara alipewa mchezaji wa kulea. Kipa alikula kwenye hoteli ya chai na chapati. Mwenye duka la viatu aliwavisha wachezaji wa kiungo. Mabeki wa kati walikuwa wa mwenye bucha, na walinenepa. Ulikuwa mpango mzuri mpaka kocha alipomweka nje beki mmoja, na mwenye bucha akaja uwanjani na aproni yake ya damu kuuliza kama nyama yake ina kasoro. Tangu siku ile kikosi kilipangwa na matumbo. Mimi sikuwa na mlezi, nilikuwa na mshahara wa serikali, na nadhani ndiyo maana nilikaa benchi mara nyingi hivyo.

Lakini walezi walilea watu waliokuwa hawana kazi. Chair alitaka mmoja mwenye kazi aiache. Bila hivyo, alisema, hatuna timu, tuna jumuiya ya wenye njaa. Na aliyemtaka alikuwa Mutwiri.

Mutwiri alitoka Mikinduri. Alikuwa mshambuliaji, mrefu, mkimya, mwenye mguu wa kushoto ambao kipa akiuona unainuka alianza kuomba radhi. Kazi yake ilikuwa kwenye kiwanda cha chai, mashine za kukausha majani, na alipewa chumba pale pale. Alikuwa ametoka kuoa msichana wa Kianjokoma. Akimaliza zamu ya usiku Jumapili asubuhi, alikuja kutuchezea macho yakiwa mekundu. Chair alimwangalia akisinzia wakati wa kufunga kamba za viatu na roho ikamuuma. "Huyu anawachezea wale wenye kiwanda," alisema. "Sisi tunapewa makombo."

Mutwiri mwenyewe hakukataa wala hakukubali. Alisema tu, "Ongea na mzee."

Mzee, yaani babake, alikuwa na miraa yake Mikinduri na maneno machache. Chair alikwenda mara ya kwanza akafukuzwa kwa adabu, na chai juu yake. Mara ya pili hata chai haikutoka. "Kijana iko na kazi ya kampuni," mzee alimwambia. "Iko na nyumba. Sasa wewe mtu ya dawa unataka aache akuchezee?" Chair akarudi mjini usingizi haumpati. Ndipo haraka yake ikamtuma kufanya jambo ambalo hadi leo sijasikia mtu mwingine akilifanya.

Kwetu, mtu anayekwenda kuomba msichana hutanguliza kitita cha miraa teule, kilichopangwa vizuri na kufungwa kwa majani ya mgomba. Hicho si cha kutafuna njiani. Kikipokelewa, nyumba imekusikia, na kuanzia hapo kuna undugu ambao hauvunjwi kwa kunyamaza. Chair alitafuta kitita cha namna hiyo, akavaa koti, akanichukua mimi na mwenye bucha tuwe wazee wake, akaenda Mikinduri mara ya tatu. Njiani nilimwuliza kama anajua anachokifanya.

"Ninaomba kwa heshima, Mwalimu. Kuna heshima gani inapita hii?"

Mzee alikitazama kitita muda mrefu. Mkewe alitoka jikoni akakitazama pia, akarudi ndani akicheka kimya kimya.

"Huyu ni kijana mwanamume," mzee akasema.

"Najua, mzee."

"Nani anamwomba?"

"Mji," Chair akajibu, kifua mbele. "Mji wa Meru."

Mzee akanyoosha mikono yote miwili akapokea. Tuliporudi Chair aliimba njia nzima. Mwenye bucha, ambaye alikuwa ameozesha mabinti na kuwaozesha tena, hakuimba. Aliniambia pembeni, "Sasa hii harusi ikivunjika, bibi arusi anarudishwa na nani?" Nilicheka. Mutwiri aliacha kazi mwisho wa mwezi huo, akahamia na mkewe kwenye nyumba ya nyuma ya Chair, akawa mtu wa kwanza katika mji wetu ambaye ukimwuliza kazi yake alisema mpira.

Na alicheza. Mchana wote alikuwa na mpira, na usiku alilala kama binadamu wengine. Tulipanda kwenye ligi yetu mpaka ikabaki mechi moja dhidi ya timu ya Embu, atakayeshinda anaingia ligi ya juu. Mechi ilikuwa kwetu. Chair alikuwa amepata bwana mmoja wa Nairobi, ambaye kampuni yake ilikuwa ikitafuta timu ya mashambani ya kuibeba, naye akakubali kuja kuona. Alichotaka kuona si mpira tu, alisema. Alitaka kuona watu.

Jumapili hiyo wachungaji walitusaidia, hata yule wa sokoni. Saa nane uwanja ulikuwa umejaa hadi kwenye miti inayouzunguka. Embu hawakuja. Mvua ya masika ilikuwa imenyesha na basi lao lilikwama matopeni, na sisi tukakaa tukipasha misuli na kupoa, tukipasha na kupoa, huku Chair akienda barabarani na kurudi. Walipoingia ilikuwa inakaribia saa kumi. Nilimwona Chair akitazama jua, uso wake kama wa mtu aliyekumbuka ameacha chungu motoni.

Mapumziko tulikuwa sare, bao moja kwa moja, na tayari watu walikuwa wakijipangusa nyasi. Chair akachukua kipaza sauti cha betri, kile alichotangazia chanjo siku za soko.

"Watu wangu, kaeni. Mgeni anawaona. Leo tu. Ng'ombe haiwezi kufa kwa saa moja."

Mama mmoja muuza ndizi, akiwa na beseni kichwani tayari, akamjibu bila kusimama: "Na yako Chair, leo inakamwa na nani?"

Uwanja mzima ulicheka, na kicheko kile kiliwafungulia mlango. Chair hakucheka. Aliweka kipaza sauti chini, akaenda akasimama kwenye mstari wa katikati, mikono nyuma, na hapo akabaki. Saa kumi na moja ikafika, ikapita. Ndiyo mara pekee nilipomwona akiangalia mpira hata ulipokuwa kwenye lango letu. Lakini watu walikwenda. Walikwenda wakigeuka nyuma, wengine kwa uchungu kabisa, na walikwenda.

Bao la Mutwiri lilikuja dakika za mwisho. Nilimpa pasi mimi, na nasema hivyo kwa kuwa hakuna aliyebaki wa kunipinga. Aliutuliza kwa kifua, akampita mmoja, na ule mguu wa kushoto ukainuka. Hapakuwa na kelele. Nilisikia wavu. Kisha nikatusikia sisi wenyewe, watu kumi na mmoja tunapiga mayowe kama tumevamiwa na nyuki, na mtu mmoja au wawili wakipiga makofi huko upande wa lango la juu. Jumatatu mjini palikuwa na ubishi kama bao lile lilifungwa kweli ama refa alichoka.

Bwana wa Nairobi aliagana vizuri. "Timu mko nayo, Chair," alisema. "Watu ndio hamna." Akaingia kwenye gari. Chair alikwenda nyumbani akakuta kiwele cha ng'ombe kimevimba, na yeye muuza dawa wa wilaya nzima alishindwa kukiponya. Chuchu moja haikutoa maziwa tena.

Ligi ya juu hatukuimaliza. Tukisafiri kila mara, walezi hawakuwaona watoto wao wakicheza, na mtu hachinji kwa ajili ya habari za redioni. Hoteli ilianza kumpa kipa chapati moja. Safari ya pwani ilipofika hapakuwa na wa kutupeleka, hatukwenda, tukaondolewa. Mimi nilirudi kwa chaki yangu, mwenye bucha kwa nyama yake. Mutwiri hakuwa na pa kurudi. Nafasi ya kiwandani ilikuwa na mtu. Aliuza dawa dukani kwa Chair kwa muda, hawatazamani machoni, mpaka akamchukua mkewe wakaenda kwao mwanamke, Kianjokoma kule Embu, akawa anabeba magunia ya majani kwenye kituo cha kununulia chai.

Kwa nini hakurudi kwa babake? Kwa sababu ya kitita. Mtu aliyeombwa kwa heshima ile harudi peke yake na mfuko begani kama mwizi. Huletwa na walioomba, wakaeleza. Na Chair, mtu aliyekuwa akienda kwa kila mtu pikipiki ikinguruma, hapo hakwenda. Mwaka ukaisha, na mwingine. Mimi nikiishi Muthara, nilikutana na mzee siku za soko Mikinduri, na hakuwahi kuniuliza habari za mpira. Aliniuliza, uso mkavu, "Wakwe zangu wa mjini hawajambo?" Nikajibu hawajambo, nikashika njia.

Nilimpenda Chair, na jambo hilo lilinikasirisha kuliko yote. Alizeeka haraka. Aliendelea kuuliza swali lake dukani, lakini sasa aliuliza kuhusu miji ya watu wengine, Embu, Nyeri, Nakuru, wao je, wanaweza? Nilipomwambia kuhusu wakwe alipanga chupa upya kwenye rafu, chupa zile zile.

Ilikuwa karibu miaka kumi tangu kitita kile, alipokuja shuleni Muthara siku moja mchana, watoto wakiwa kwenye uji. Alivaa koti.

"Mwalimu, twende Mikinduri."

"Kufanya nini?"

"Unajua. Haraka, kabla sijafikiri."

Tulimkuta mzee akipogoa miraa. Alitusalimia, muga, muga, akatuketisha, na mama akaleta chai. Chair hakuigusa. Alisimama mbele ya mzee.

"Mzee, nimekuja kumrudisha Mutwiri."

Mzee akatazama nyuma yetu, langoni. "Yuko wapi?"

"Yuko Kianjokoma. Nimemwomba tuje pamoja, amekataa. Anaona haya."

"Basi unarudisha nini?"

"Maneno," Chair akasema. "Nilimtoa hapa kwa maneno. Nilisema mji unamwomba. Hakukuwa na mji, mzee. Nilikuwa mimi tu."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na hakucheka safari hii. Mzee alipangusa kisu kwenye suruali, akakikunja, akakitia mfukoni.

"Siku ile ya Embu," akasema, "mimi nilikuwako. Nilisimama huko upande wa lango la juu. Watu waliondoka wote, nikaona haiwezekani niondoke, mtoto ni wangu. Nikapiga makofi. Halafu sikupata gari ya kurudi huku, nikalala kwa stendi kama mlevi."

Chair akafunga kifungo cha koti, akakifungua tena.

"Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile," mzee akaendelea. "Hata sasa nikiwa juu ya mti naiona. Kwa hiyo hiyo bao, nakushukuru. Ulinipa, nilipokea." Akainuka, akashika tawi lililokuwa juu yake. "Lakini mtoto bado hujanirudishia. Nenda umlete na miguu yake, asimame hapo umesimama."

"Akikataa tena?"

"Ulikuja hapa mara tatu ukimtaka," mzee akasema, akapanda mti wake.

Chair akaniuliza gari la kwenda Embu linapita saa ngapi.